Mguu Wangu Uliopona Kampi ya Moto

Hebu niambieni, nani kati yenu ashawahi kupona mguu ambao haukuwa mgonjwa? Hakuna? Basi sogeeni hapa kwa moto, mimi ndiye wa kwanza. Leo nimeaibika, na nimeaibika mbele ya mzee wa kanisa.

Mnajua vile nakaa. Chumba kimoja hapa laini, nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, mimi na Jotamu mwanangu na bibi yake na watoto watano. Hii baridi ya Elburgon inaingia katikati ya mbao kama mtu ako na ufunguo. Asubuhi magoti yangu yanalia kama mlango mbovu. Nikasema, hapana, mimi sitazeekea hapa. Natafuta mahali pa joto, nipate mlango wangu mwenyewe, nikifunga umefungwa.

Nimetafuta sana. Kaka yangu akaniita Kuresoi. Kuresoi, jamani, kule hata viazi vinataka blanketi. Mama mmoja muuza samaki akanisifia Kamere, huko ziwani Naivasha. Joto iko, akasema, ila usiku kiboko anakujanga mpaka mlangoni kula nyasi. (Mimi nilishazika mzee mmoja, sitaki mwingine wa kukoroma nje.)

Ndio nikasikia habari ya Kampi ya Moto. Jina lenyewe linakupasha mikono. Ati kanisa limejenga nyumba kumi na mbili za udongo, za wazee wasio na mahali, na hulipi kodi. Zimejaa, imebaki moja tu.

Sasa akili yangu ikafanya kazi, na hapo ndipo shida ilianza. Nikajiambia, nyumba ya kanisa ni ya huruma, na huruma inaangalia nani ameumia zaidi. Mimi kila siku mnaniona na mzigo wa kuni mgongoni, nani atanihurumia? Nikapasua shuka kuukuu, nikajifunga mguu kutoka kifundo mpaka goti. Nikaazima fimbo ya askari wa geti. Nikamchukua Rozi, huyu mjukuu wangu wa miaka kumi, anishike mkono.

Rozi akaniangalia. "Nyanya, umeumia wapi?"

"Bado. Nitaumia tukifika."

Lori ya mbao ikatuteremsha huko saa nne. Nilikuwa nimevaa sweta mbili na kabuti juu. Ile joto ikaingia kwa magoti kama chai. Yaani nilishuka kwa lori nikitembea kama msichana anaenda posta kuchukua barua ya mchumba.

"Nyanya, chechemea," Rozi akasema.

Nikachechemea. Tukaenda, tukaenda, tulipokaribia nyumba akanivuta mkono pole pole. "Ni ule mwingine." Kumbe nachechemea na mguu mzima.

Msimamizi wa pale anaitwa mzee Zakayo, mzee wa kanisa, miwani yake imefungwa na uzi. Alikuwa ameketi kwa baraza na daftari.

"Karibu mama. Unaweza kushika jembe?"

"Jembe? Mzee, hata kijiko kinanichosha, nabadilisha mikono."

Akaandika.

"Maji unateka mwenyewe?"

"Maji mimi nayaona kwa macho tu."

"Na kuni?"

Nikakohoa. (Kikohozi hakikuwa kwa mpango. Kilikuja chenyewe, nikaona kinafaa, nikaongeza kingine.)

Anaandika, mimi nafurahi. Nikamfinya Rozi kidole, yaani nyumba ni yetu hiyo. Zakayo akafunga daftari.

"Pole sana mama. Nyumba siwezi kukupa."

Nikafikiri sijasikia vizuri. Akaeleza, taratibu, mtu mpole sana. Hapa kila mzee analima mistari yake kwa shamba la kanisa, anateka maji yake. Hiyo ndiyo kodi. Hakuna wa kubeba mwingine. "Tunachukua wale bado wako na nguvu," akasema. "Wewe rudi kwa mwanao, akutunze."

Mimi? Mimi niliyepalilia mahindi ya mzungu na mimba ya Jotamu ya miezi nane? Ningesema nini, kwamba nimemdanganya tangu salamu? Na ile nyumba nilikuwa naiona hapo mwisho, mlango umepakwa rangi ya bluu, jua limelala mlangoni kama paka.

Lori ilikuwa inarudi saa nane. Wamama wanaokaa pale wakaniweka nyuma ya jikoni, kwa kigoda, wakanipa uji. Wamama gani hao! Mmoja wa rika langu alikuwa juu ya paa anapanga nyasi. Na ati mzee mmoja na mama mmoja wa hapo hapo, wote wajane, wanaoana Jumamosi. Kwa hivyo walikuwa na mazoezi ya harusi. Bwana harusi mwenyewe akatoa isukuti, ile ngoma yetu ya magharibi ya kupachikwa kwapani. Sijaisikia tangu nizike mzee wangu.

Nawaambia ukweli, mimi sikuamua. Kwanza kilianza kucheza kidole gumba cha mguu, na ni cha ule mguu mgonjwa. Nikakibana na fimbo. Ngoma ikahamia begani. Bega la kushoto likaita la kulia.

"Nyanya," Rozi akasema. "Nyanya, kaa chini."

Nikakaa. Nilikaa kama mtu kuhesabu tatu.

Kustuka, niko katikati. Kabuti sijui iko wapi, fimbo iko juu ya kichwa, mabega yanatetemeka, wamama wanapiga vigelegele, "Mgeni huyo! Mgeni huyo!" Bandeji ikaanza kufunguka. Nikizunguka, inazunguka. Inanifuata nyuma kama shela, utafikiri mimi ndiye naolewa. Bwana harusi akaikanyaga. Nikaenda chini, puu, mbele ya viatu viwili vyeusi. Nikatazama juu. Miwani ya uzi.

Ngoma ikanyamaza.

"Mama," Zakayo akasema, "ni mguu gani ulikuwa mgonjwa?"

Nikaonyesha wa kulia. Rozi akaninong'oneza, na kila mtu akasikia, "Wa kushoto, nyanya."

"Ni hii joto yenu, mzee," nikasema, bado niko chini. "Kwetu Elburgon huu mguu haungeweza."

Kisha bibi harusi akapasuka kucheka, na hana meno ya mbele, ndipo wote wakaanguka kwa kicheko. Zakayo akatoa miwani, akafuta macho. Lakini akaingia ndani, akarudi na jembe. Alinipa tu.

Jamani, nililima. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, jasho mpaka kwa visigino. Nikalima mpaka akaita, "Basi mama, utafika Baringo."

Nyumba amenipa. Lakini kwa mambo mawili. La kwanza, Jumapili nikihamia nisimame mbele ya kanisa niseme mwenyewe vile nilidanganya. Hilo naliweza (nyinyi ni mazoezi, msifikiri nawapenda sana). La pili, siku nguvu ikiisha kweli, natoka, nyumba inapewa mwingine.

Hilo la pili nililibeba njia nzima. Niliketi kwa lori na fimbo magotini, nikiwaza ule mlango wa bluu, nimeshafunga, halafu mtu anakuja kubisha. Rozi aliona. Tulipoanza kupanda, baridi ikirudi, akavuta kabuti ikatufunika wawili.

"Nyanya, siku hiyo mimi nitakuwa mkubwa," akasema. "Nitakuja nikulimie mistari yako, na maji nitateka mimi. Hakuna mtu atakutoa. Naahidi."

Nikamshika mkono. Akafikiri kidogo.

"Lakini ukiniita, nyanya, uchague mguu mmoja, ushike huo huo."