Mwindaji wa Kalahari Aliyezimia kwa Kiu Akiwa na Maji Mgongoni

Leo nimejiaibisha Pazhou, hapa Guangzhou, ndani ya ukumbi wa maonesho, mbele ya wanunuzi wa kila rangi na ngamia mmoja wa sponji. Naandika mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine, maana wengine wataongeza chumvi. Mimi nitaeleza kwa mpangilio.

Kwa wageni wa kundi hili: naitwa Selemani, mtu wa Kondoa. Kabla ya kuja Guangzhou kununua mahema na viatu vya porini, nilifanya kazi miaka kumi na mmoja Namibia, pembezoni mwa jangwa la Kalahari, kwenye kampuni ya uwindaji wa leseni. Nilianza kama mbeba mizigo, nikawa mfuata nyayo, nikamaliza nikiwa mwindaji kiongozi. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo kila nilichojifunza kule nilikiandika. Daftari zipo saba. (Ndiyo, zina faharasa. Chekeni.)

Wiki mbili zilizopita Bi Mwanaidi, mama wa Unguja anayesafirisha vyombo vya nyumbani na anayeongea Kichina kuliko baadhi ya Wachina, alinikutanisha na Bi Liang. Bi Liang ana kiwanda cha mabegi ya maji: begi la mgongoni lenye mfuko wa lita tatu ndani, na mrija unaopita begani hadi karibu na mdomo. Unatembea, unanyonya, mikono iko huru. Alikuwa anatafuta wakala wa Afrika Mashariki. Akasema njoo kwenye maonesho, vaa kama mwindaji, waeleze wanunuzi jangwa lilivyo. Ukifanya vizuri, uwakala ni wako.

Ndugu zangu, nina miaka hamsini na mbili. Nimechoka kuzunguka na sampuli za watu wengine. Uwakala ule niliutaka kuliko nilivyowahi kumtaka choroa yeyote, yule swala mkubwa wa jangwani, na choroa mmoja niliwahi kumfuata siku tatu.

Saa moja asubuhi tulikuwa mgahawani, mtaa wa Huanshi Zhonglu. Nikala chapati mbili na mayai matatu. Bila chai. Bila maji. Bi Mwanaidi akaniangalia juu ya kikombe chake.

"Umefunga?"

"Unaniona nakula mayai."

"Mbona hunywi?"

Nikamweleza. Kule Kalahari, Hendrik, mfuata nyayo aliyenifundisha kazi, alikuwa hanywi kitu mpaka jua lipite utosini. Ukinywa asubuhi, alisema, mwili unazoea kudai. Unachukua kijiwe laini, unakiweka chini ya ulimi, mate yanajaa, unaendelea na safari. Nimeandika hivyo daftari la kwanza, na siku ya kazi kubwa siivunji kanuni.

"Selemani, hii si Kalahari," akasema. "Hapa hata ukuta unatoka jasho."

"Kanuni ni kanuni."

"Haya, ngamia. Nyanyuka twende."

Kijiwe nilikitia mdomoni tukiwa kwenye treni. (Nimekitoa Namibia. Kinakaa kwenye kisanduku chake. Sasa mnajua yote.)

Tukafika. Nilikuwa nimevaa koti zito la kaki, buti za ngozi na kofia pana. Banda la Bi Liang lilikuwa limepambwa sawasawa: mchanga sakafuni, ngamia wa sponji mwenye ukubwa wa ndama, na taa sita kubwa za manjano juu, za kuigiza jua la mchana. Ukumbini kwingine kote kulikuwa na ubaridi mzuri. Chini ya zile taa, hapana. Na ukutani, picha yangu, ndefu kuliko mimi mwenyewe. Chini yake wameandika kwa Kichina na Kiingereza: Mtu Aliyelishinda Jangwa.

Nikavishwa begi. Lita tatu zimejaa. Bi Mwanaidi akaaga, akaenda ukumbi wa pili kuangalia masufuria yake. Nikabaki mimi, Bi Liang, wafanyakazi wake wawili, na Kiingereza cha kuungaunga.

Bi Liang akaleta chai. Mnaokaa mji huu mnajua: hapa hakuna maongezi kabla ya chai. Vikombe vidogo kama vya kahawa ya kijiweni.

"Bu yao, laoban," nikasema. Sitaki, bosi. Nikatabasamu.

Akamimina tena.

"Bu yao, bu yao."

Mara ya tatu tabasamu lake likapungua. Nikajua nakaribia kuharibu. Kumkatalia chai mwenyeji wako ni kama kumwambia humwamini. Lakini saa sita ilikuwa bado! Nikiwa natafuta maneno ya kumweleza habari za Hendrik, uso wake ukafunguka ghafla. Amefanya biashara na Waswahili miaka mingi, anazijua desturi zetu. Akanyoosha kidole juu.

"Aaa! Wewe Mwislamu. Leo umefunga!"

Hapo palihitajika neno moja tu. Hapana. Nalijua kwa lugha tano.

Sikulisema. Ndugu zangu, nilifanya kibaya zaidi: niliinamisha kichwa. Kwa unyenyekevu.

Bi Liang akaweka mkono kifuani. Akatoa amri. Sinia la chai likaondolewa. Katoni ya chupa za maji ikapelekwa nyuma ya pazia. Mashine ya maji ya kunywa ikafunikwa kitambaa, kama maiti. Mfanyakazi aliyekuwa na soda mkononi akafukuzwa akainywee mbali. Nikajisemea, si neno, saa sita nitapata upenyo.

Watu wakaanza kujaa. Nikaanza kazi.

Niseme ukweli, robo saa ya kwanza nilikuwa mzuri. Niliwaeleza kwamba nyayo hufuatwa jua likiwa chini, na ukiwa umelielekea, ili kivuli kikae ndani ya alama. Ukilipa mgongo unapita juu ya choroa mzima usimwone. Niliwaonesha kwenye ule mchanga tofauti ya unyayo wa alfajiri na wa jana: wa jana kingo zake zimebomoka, na wadudu wameshapita juu yake. Niliwaambia wakung'ute viatu kila asubuhi, kwa sababu nge anapenda joto la kiatu kuliko unavyolipenda wewe. Niliwasimulia asubuhi niliyosahau. (Kidole gumba cha kushoto. Nilicheza ngoma ya peke yangu kambi nzima ikitazama.) Watu walicheka. Walirekodi. Bi Liang alikuwa anang'aa.

Kisha taa zikaanza kazi yao.

Jangwani jasho linakauka kabla hujaliona, na linakupoza. Hapa jasho linabaki na wewe kama mgeni asiyeaga. Koti likawa zito. Kijiwe kikaacha kuleta mate. Kikawa jiwe tu. Kila nilipogeuka nilisikia maji mgongoni: chubwi, chubwi. Mrija ulikuwa vidole vinne kutoka mdomoni. Vidole vinne! Lakini ningeunyonyaje? Mbele ya Bi Liang, aliyefunika mashine ya maji kwa ajili yangu?

Mnunuzi mmoja wa Lubumbashi, bwana mnene mwenye mkoba wa ngozi, akapaza sauti akiuonesha mrija kwa kidole.

"Mukubwa! Ile maji inanuka plastiki ao hapana? Kunywa kidogo tuone."

Nikafungua mdomo nijibu. Bi Liang akanitangulia.

"Hawezi. Amefunga. Mtu wa imani sana."

Umati ukanong'ona kwa heshima. Mzee mmoja akavua kofia. Kwa ajili yangu! Mimi, mwenye mayai matatu tumboni!

Nikaendelea kuongea. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka ngamia wa sponji aligeuza shingo akanitazama kwa huruma, nami nikajiambia nimsogelee, nimweleze. Hatua mbili. Ya tatu haikuwepo.

Nilimwangukia ngamia. Shingo yake ikakatika. Kijiwe kikaruka kutoka mdomoni kikatua mbele ya watu.

"Mukubwa ametoa jino!" akapiga kelele yule wa Lubumbashi.

Nilipofumbua macho, juu yangu kulikuwa na picha yangu, na chini ya picha, nikitazamana nayo, mimi. Simu zilikuwa hewani kama msitu. Na katikati ya msitu, Bi Mwanaidi, pindo la buibui mkononi, anakuja mbio na sufuria moja ya sampuli kwapani.

Akapiga magoti. Aliponiona namtambua, akashika mrija auweke mdomoni mwangu. Bi Liang akamdaka mkono.

"Hapana! Amefunga!"

"Nani kafunga?"

"Yeye."

"Huyu?" Bi Mwanaidi akasimama. "Huyu asubuhi kala mbele yangu! Chapati mbili! Mayai matatu!" Akasema kwa Kiswahili. Akarudia kwa Kichina. Kisha, ili asiachwe mtu, kwa Kiingereza, na vidole vitatu juu.

Bi Liang akainama.

"Kweli?"

Mrija ulikuwa umeshafika. Nikatikisa kichwa kukubali huku nanyonya. Nilitaka kuuachia niombe radhi kama mtu mzima. Mdomo ulikataa.

"Selemani," Bi Mwanaidi akaninong'oneza, "umemsingizia Mungu kwa sababu ya kikombe cha chai?"

Nikaendelea kunyonya.

Yule wa Lubumbashi naye akainama.

"Sasa sema, mukubwa. Inanuka plastiki ao hapana?"

"Hainuki," nikasema. Neno langu la kwanza baada ya kufufuka.

"Bien," akasema, akafungua mkoba. "Naagiza."

Nikapelekwa chumba cha huduma ya kwanza. Muuguzi, dada mpole mwenye miwani, akapima hiki na kile, akauliza kwa nini sikunywa maji. Bi Mwanaidi akatafsiri kanuni ya Hendrik. Muuguzi akacheka mpaka akavua miwani. Akasema hakuna mwili unaozoeshwa kutohitaji maji. Kuna mwili unaochelewa kuanguka, basi.

Nikalala pale nikitafakari. Na sasa nakumbuka, Hendrik mwenyewe alianguka mara mbili nikiwa naye. Alituambia anasikiliza ardhi. Niliandika hivyo: daftari la pili, chini ya herufi K, Kusikiliza Ardhi.

Saa nane Bi Liang akaja na sinia. Chai. Nilikunywa vikombe sita, nikaomba radhi kabla ya kila kimoja. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema maneno yake polepole, ili nisikose hata moja.

"Kuanguka si kosa. Umeeleza vizuri, wanunuzi wamependa. Lakini mimi nilikuheshimu, ukaniacha nifunike mashine. Ukinyamaza kwenye jambo dogo, mzigo ukiharibika njiani utaniambia?"

Nikarudisha kikombe kwenye sinia.

Uwakala amempa Bi Mwanaidi. Wamepeana mikono juu ya miguu yangu.

Kwenye treni ya kurudi, Bi Mwanaidi alipitia bei za mabegi vituo vitatu. Kisha akasema atahitaji mtu wa kwenda kuyaelezea mabegi kwa kampuni za safari, Arusha mpaka Nairobi, na anayejua kazi hiyo ni mmoja tu, bahati mbaya.

"Nitakulipa. Lakini utanywa maji mbele yangu kila saa, na utaniita bosi."

"Sawa, laoban," nikasema.

Akanipa chupa. Nikaimaliza kabla ya kituo kilichofuata, naye akiniangalia kama anayemnywesha mtoto dawa.

Video mtaiona, najua, imeshafika kundi la Wakenya. Naomba msiisambaze. Na mtu akishindwa kabisa kujizuia, basi akate dakika tatu za mwisho, abakize ile robo saa ya nyayo. Kwenye nyayo sijakosea hata neno moja.