Nilivyopokea shikamoo za babu wa watu

Leo nimeaibika mbele ya ukoo mzima wa wakwe. Na bado nimeshinda. Kaeni niwape.

Mnanijua. Chalii wa Sombetini, Arusha, fundi simu, elimu yangu la saba B (B ni ya mkondo, alama tuziache). Kwenye teknolojia imani yangu ni moja tu: kazi ukiifanya mara mbili, ya tatu iachie mashine. Kuna watu mpaka leo wanaamka kwenda kuzima taa ya banda la kuku kwa mkono! Ya mama yangu inajizima yenyewe kukipambazuka, na sijasikia kuku akilalamika.

Sasa pale kibandani wateja wana katabia. Mtu akitaka simu yake ipite mbele ya za wenzake, anaanza na shikamoo. Hata kama ana mvi! "Shikamoo fundi, ile simu yangu vipi?" Kutwa nzima. Nikasema aah, mimi sikuzaliwa kushinda naandika marahaba. Nikaiwekea simu yangu kiprogramu. Meseji yoyote ikianza na shikamoo, inajibiwa hapo hapo: "Marahaba mwanangu. Tulia, zamu yako inakuja." Nikaiwasha mpaka kwenye magrupu, maana nina grupu la wateja. Raha tupu. Mimi nachomelea chaji za watu, simu inaitikia salamu.

Twende kwenye leo. Leo nilikuwa naenda Kikatiti kwa babu yake Neema. Neema ndiye mchumba wangu (nyie mliosema ile picha nimeidaunlodi, nawaona). Kwao kila kitu kinapita kwa babu. Babu akikukataa, hata uje na wazee wako na ng'ombe, mnaishia getini. Na babu alishasema: "Huyo kijana aje kwanza mwenyewe, nimwone." Kwa hiyo ndoa yangu yote ilikuwa kwenye mdomo wa mzee mmoja wa Kimeru.

Asubuhi nanyoosha shati, akanipigia Godi, kaka yake Neema.

"Shemeji, nimekuingiza kwenye grupu la ukoo. Wakuzoee zoee."

"Poa shemu, ubarikiwe."

Aisee nikajiona nimeshamaliza. Hata sijafika, nimo kwenye grupu! Nikawasha pikipiki. Na simu yangu nikianza kuendesha inajinyamazisha yenyewe, haiiti wala haitetemeki (usalama barabarani, igeni basi). Mtu akinipigia inamtumia meseji: "Nipo barabarani. Kila kitu kiko sawa."

Kila kitu kiko sawa! Mungu wangu.

Ambacho sikukijua ni hiki. Ule ukoo kila asubuhi wanamwamkia babu kwenye grupu. Aliyeko Dar, aliyeko Moshi, mmoja mmoja, hakuna kuruka. Babu akiwekewa chai anachukua simu, anarekodi sauti, anamwitikia kila mtu kwa jina lake. Miaka yote. Pale hakuna mwingine anayeruhusiwa kuitikia.

Mimi huyo nakata upepo. Napita Makumira, napita Usa River, naimba ndani ya helmeti. Mlima Meru umejitoa wote nje, hauna hata kiwingu. Nikasema leo mpaka mlima umetoka kuniangalia.

Nafika, Neema kasimama getini. Nikajua ananipokea. Kumbe ananiwahi.

"Eliya, umeangalia simu yako?"

"Mpenzi, si unajua nikiendesha huwa..."

"Angalia simu."

Nikaangalia. Weee!

Shangazi yao wa Makumira kaandika: "Shikamoo baba, umeamkaje?" Jibu, na jina langu juu yake: "Marahaba mwanangu. Tulia, zamu yako inakuja." Baba mdogo wa Dar: "Shikamoo mzee wetu." Mimi: "Marahaba mwanangu." Godi, marahaba. Dada zao, marahaba. Halafu baba yake Neema! Baba mkwe mwenyewe! "Shikamoo baba. Leo tuna mgeni, tunakuja." Nikamwambia mwanangu, tulia.

Mwanangu!

Subirini, bado. Baba mkubwa wao, mwinjilisti mstaafu, mtu mpole hana neno na mtu, kaandika: "Shikamoo baba. Yule jirani aliyelazwa ametutoka alfajiri. Tuiombee familia." Na mimi nikamjibu. "Marahaba mwanangu. Tulia, zamu yako inakuja."

(Msicheke. Nimeshawaambia.)

Chini yake mtu kauliza: "Huyu ni nani?" Godi: "Ni shemeji." Shangazi akawaka: "Shemeji gani ananiita mwanangu, mimi nina wajukuu!" Kwa hasira akaongeza: "Shikamoo babu mpya!" Si ameanza na shikamoo? Kiprogramu kitafanyaje? Kikamjibu: "Marahaba mwanangu. Tulia, zamu yako inakuja."

"Nimekupigia mpaka nimechoka," Neema anaongea huku machozi yako karibu. "Unaniambia kila kitu kiko sawa!"

"Siyo mimi, ni simu."

"Haya, ingia ukawaambie ni simu."

Nikaingia. Sebule imejaa. Babu katikati kwenye kochi lake, baba Neema pembeni, baba mkubwa, shangazi kakunja mikono. Kwao ukimwamkia mkubwa unainamisha kichwa, yeye anakigusa. Nikainama mpaka nikaona viatu vya babu.

"Shikamoo babu."

Kichwa kiko chini, hakuna mkono unaokuja. Shingo ikaanza kuuma. Babu akamgeukia baba Neema: "Tusubiri kidogo. Si huwa inaitika yenyewe?"

Nilitamani zulia linimeze na soksi zangu.

"Babu, naomba msamaha. Siyo mimi. Ni mashine niliiweka inijibie wateja."

Baba Neema: "Kwa hiyo mashine ndiyo imeniita mwanangu?"

"Ndiyo baba. Hapana baba. Imekosea baba."

"Na mimi zamu yangu ni lini?" Shangazi huyo. "Nianze kujiandaa?"

Baba mkubwa akakohoa. Akakohoa tena, mabega yanaruka. Kumbe anacheka, mtumishi wa Mungu!

Babu akainua fimbo. "Kijana. Shikamoo zangu za leo umezila wewe. Mimi leo sijaamkiwa na mtu. Sasa utazirudisha zote. Kwa kichwa chako, siyo kwa mashine."

Jamani. Nilizirudisha. Godi kashika simu anasoma majina, mimi nazunguka sebule kichwa chini. Baba Neema akanigusa haraka haraka kama anagusa jiko la moto. Shangazi akajifanya hajasikia, nikarudia. Wa Dar na Moshi wakapigiwa vidio, nikaiinamia simu! Halafu Godi. Godi, rika langu, tunacheza naye pool! Akakunja nne kwenye kiti: "Marahaba mwanangu. Hujambo? Shule unaendeleaje?"

(Godi, tutaonana.)

Wa mwisho kalikuwa katoto ka dada yao, Nai, hata chekechea hakajaanza. Asubuhi kalimrekodia babu shikamoo kwenye simu ya mama yake. Mama yake aliandika ile salamu chini, na mimi nikaitikia. Nikapiga magoti kabisa. "Shikamoo Nai." Kakaniwekea mkono kichwani, kamekunja uso kama kananibariki kweli. "Maaba!"

Nyumba ikapasuka. Shangazi alicheka mpaka kitenge kikafunguka. Neema naye akacheka, nikapumua.

Babu akafuta macho. Akaniita nikae karibu naye.

"Hiyo mashine yako. Inaweza kuitikia kwa sauti yangu?"

"Inaweza babu. Unarekodi mara moja tu, kwa kila jina."

"Na mimi nikawa nakunywa chai?"

"Unakunywa mpaka unaongeza kikombe."

Mzee akawageukia wanae. "Miaka yote chai yangu inapoa nawaitikia nyie. Kuna hata mmoja aliyewahi kunionea huruma?" Hapo sasa akaniwekea mkono kichwani, mzito, kautuliza. "Marahaba mjukuu wangu. Kawaambie wazee wako waje."

Aisee! Neema alipiga kigelegele cha kuamsha jirani, akakumbuka kuna msiba, akajiziba mdomo. Nikaletewa loshoro bakuli la baba mwenye nyumba, mahindi yamezama kwenye mtindi uliojaa mpaka juu. Nikala huku naiwekea simu ya babu kiprogramu, wakwe wamenizunguka kama daktari bingwa.

Sharti la babu lilikuwa moja: ile ya zamu yako inakuja niitoe.

Basi ndiyo hivyo, naoa. Naomba asicheke mtu. Mkinipongeza anzeni na hongera. Atakayeanza na shikamoo simjibu mpaka anitumie cheti chake cha kuzaliwa.