Ombi la Kubadilisha Mwisho wa Filamu Kabla ya Alhamisi

14, Mtaa wa Weir,
Calderthwaite.
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Bi. Rosalind Hathersage,
Mwongozaji wa Filamu,
London.

Mheshimiwa Bi. Hathersage,

Natumaini u mzima, na kwamba mvua ya huko kwenu ina adabu kidogo kuliko ya kwetu.

Mimi ni Keziah Ormerod, mwalimu wa shule ya msingi, umri wa miaka ishirini na mitatu, muumini wa kanisa la Ushirika wa Kisima. Huenda hujapata kutusikia, maana tuko sitini na wanne tu, tukimhesabu na Bibi Clegg ambaye huja kanisani kulala. Sisi hatupokei damu ya mtu mwingine hata tukiugua vipi. Filamu yako inamhusu msichana wa kanisa linalofanana na letu, anayekataa kuongezewa damu, kisha akafa. Mzee wetu wa kanisa, Ndugu Pilling, alitutuma watu kumi na wawili tuitazame ili tuweze kuilaani kwa ujuzi. Tulinunua bisi, tukaitazama mpaka mwisho. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umewavisha waumini wote kijivu na kuwafanya wanong'one. Ndugu Pilling huvaa soksi zenye picha za bata, na kwetu hakuna anayenong'ona. Tunasema wote kwa pamoja, na anayemaliza wa mwisho ndiye aliyeshinda.

2. Katika filamu yako wanawake wa kanisa wanafika hospitali na Biblia tu, bila chakula. Hili limetuumiza. Mdogo wangu Tabitha, mwenye miaka kumi na minane, amelazwa tangu Jumatatu kwa uvimbe wa tumboni, na hadi leo ameletewa pai saba. Hawezi kula hata moja. Wauguzi wanazila, na mmoja wao, Gaynor, amemwambia, "Mpenzi, wewe usiwe na haraka ya kutoka."

3. Daktari wako ni mpole mno. Tangu utotoni tumefundishwa kwamba madaktari watatufokea, nami nilikuwa nimeandaa majibu manne ya kumpa mtu anayefoka. Kumbe daktari wa Tabitha naye ni kama wako! Alivuta kiti, akakaa, akasema, "Bi. Tabitha, upasuaji ni Alhamisi asubuhi. Ukikubali damu, nina matumaini makubwa. Ukikataa, ni nusu kwa nusu, na nitajitahidi vilevile." Majibu yangu yote manne yakawa hayana kazi. Nakulaumu wewe kwa kuwazoesha.

4. Kadi. Umemwonyesha msichana akitia saini kadi ya kukataa damu peke yake chumbani, akilia. Haya ni mambo ya ajabu. Sisi hutia saini kadi zetu Jumapili ya kwanza ya Januari, baada ya ibada, kwa foleni, pamoja na chai na biskuti za tangawizi. Kila kadi ina mashahidi wawili, kwa sababu Ushirika wa Kisima hauamini karatasi yenye saini pungufu ya hapo. Hata risiti ya kukodi viti hutiwa saini na watu wawili. Kadi huziandika mimi, kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Nimeandika ya Tabitha miaka miwili mfululizo, na miaka yote miwili nilikuwa nikiwaza kama biskuti zitanifikia. Sikuwahi kuyasoma maneno yaliyo chini ya jina mpaka ulipoyajaza kwenye ukuta wa sinema, kila herufi ndefu kuliko mimi. Maneno yale, Bibi, hayakuandikwa ili yasomwe kwa ukubwa ule.

5. Msichana anakufa. Katika basi la kurudi nyumbani, kabla hajalazwa, Tabitha aliniuliza, "Kez, yule dada yake mkubwa alikuwa wapi muda wote?"

Nikamwambia, "Si alikuwa kwenye kiti, kando ya kitanda."

"Kiti nilikiona. Namuulizia yeye."

Nilimjibu kwamba filamu imeandikwa vibaya. Ndiyo sababu nakuandikia.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uupige upya mwisho wa filamu, na uwe umeletwa kwenye sinema ya hapa kabla ya Alhamisi saa mbili asubuhi. Msichana aamke siku ya tatu, bila damu ya mtu, aombe mkate wa kuchoma. Ukumbi wetu uko wazi Jumanne. Waumini sitini na watatu wako tayari kuigiza bure kwa nguo zao wenyewe, na Bibi Clegg anaweza kuwa mgonjwa wa kitanda cha pili bila mazoezi yoyote.

Ili kukurahisishia, nilimwendea Ndugu Pilling anipe mifano ya kweli ya watu waliopona hivyo. Alinipa mitatu. Wa kwanza yuko Kanada na jina lake limemtoka. Wa pili ni shangazi yake, "aliyepona kabisa, wiki mbili kabla hajafariki." Wa tatu, tulipochunguza, alikuwa na mafua. Nilipomtazama tu, alipangusa miwani yake na kuuliza, "Na Tabitha mwenyewe anasemaje?" Nilimjibu kwamba hatujafikia hapo. Sasa, ikiwa mfano haupatikani katika maisha, wajibu wa kuupata unaangukia sinema. Sioni pengine pa kuupeleka.

Wasalimie wapiga picha, washona nguo (pamoja na kosa la kijivu), na dereva wako. Msalimie sana binti aliyeigiza marehemu. Niliona picha yake gazetini akila aiskrimu, nikafurahi kupita kiasi.

Ni mimi, niliyeudhika kwa dhati,
Keziah Ormerod

N.B. Usibadilishe kitu. Nilikwenda wodini leo jioni kabla ya kuibandika bahasha, nikamuuliza Tabitha. Alisema, "Nataka kuishi, Kez. Nilikuwa nangoja mtu aniulize." Alishindwa kumwambia daktari kwa mdomo, nami pia, kwa hiyo tuliandika. Barua hii imenichukua kurasa nne. Ile ya daktari ilikuwa mstari mmoja, wa kukubali damu. Tabitha alitia saini, nami nikatia ya shahidi wa kwanza. Kisha tukakumbuka kwamba Mama alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na pai ya nane mikononi. Aliichukua ile karatasi, akaisoma kwa muda mrefu kuliko filamu yako nzima. Halafu akampa Gaynor pai, akaniambia, "Sogea basi, nipate mahali pa kuandikia."