Mtoto Wangu wa Chapati Kumi na Nane

Leo nimezaa, nimeuguza na nimeumbuka, yote kabla ya saa nane mchana.

Nawaandikia nikiwa kwa Mama, Njiru. Nimekaa kwenye kiti cha karibu na mlango ili mtu akianza kunicheka nitoke mbio. Afadhali mlisikie kutoka kwangu, maana kinyozi wa hapo kona ameshalipata, na yule hajawahi kuficha kitu.

Chanzo ni Krismasi. Tangu nizaliwe, Krismasi ya Mama ni moja: kigoda, kibao, jiko, moshi. Sisi tunakula, yeye anasukuma chapati. Majirani wanakuja kusalimia, yeye anasukuma chapati. Tukipiga picha, yeye anaonekana mgongo. Nina picha za Krismasi sita kwenye simu, na zote ni mgongo wa Mama. (Mgongo mzuri, lakini ni mgongo.)

Mwaka huu nikasema hapana. Mwaka huu familia inaenda ile bustani ya michezo upande ule mwingine wa mji, yenye treni ya kupindua watu vichwa chini na gurudumu kubwa la viti linalokupandisha mpaka juu kabisa. Nilitaka kumwona Mama ameketi. Juu. Anapigwa na upepo. Uso kwa kamera.

Nikampigia Baba, akanijibu lile jibu lake la miaka yote: "Muulize mama yako." Njeri, dadangu mdogo, akaanza kuchagua viatu hapo hapo. Kisha Mama akachukua simu.

"Huko juu nitaona nini?"

"Utaona mji wote, Mama. Labda hata Njiru."

"Njiru naiona nikifungua mlango." Akashusha sauti. Mama akishusha sauti ujue jambo limemwingia. "Na chapati tutakulia wapi?"

Kwenye ukurasa wa ile bustani mtandaoni wameandika kwa herufi kubwa kwamba chakula kutoka nje hakiruhusiwi. Nikamwambia tutakula chipsi.

"Wairimu. Krismasi bila chapati ni Jumanne tu. Chapati zikiingia, na mimi naingia. Zikizuiwa getini, nabaki na jiko langu, nyinyi mwende mkazungushwe. Na ziwe moto! Chapati baridi ni soli ya kiatu."

Sasa, mtu mwenye akili zake angepiga simu kule akauliza. Mimi niliona nikiuliza watanishuku. Tena, kusema kweli, sikutaka kuambiwa. Nilitaka kujaribu. Ni ugonjwa wa kuzaliwa: nikiona pameandikwa "usiguse", kidole changu kinauliza kwa nini.

Wiki nzima nikawa nachunguza picha za watu waliokwenda huko. Nikagundua kitu. Mikoba inafunguliwa. Vikapu vinafunguliwa. Wanaume wanapapaswa mpaka soksi. Lakini mama aliyebeba mtoto mgongoni anapita tu, soja wa getini anabaki kumchekea mtoto.

Mnaona ninakoelekea. (Laiti mngekuwa karibu mnizuie.)

Leo bosi wangu wa saluni kanipa ofu, nikaona niende nijaribu kwanza kabla ya Krismasi. Nimeamka mapema hapo Kware ninakopanga, nimesukuma chapati kumi na nane, moto moto, nikazizungusha kwenye chupa ya maji yaliyochemka ili zisipoe njiani. Foili juu. Taulo juu ya foili. Shali ya manjano niliyoazima kwa jirani juu ya taulo. Mwili ukawa umekamilika, mnene, wenye afya. Lakini hauna kichwa. Nikatazama huku na huku, jikoni kulikuwa na kabeji. Nikaivika kofia ya sufu yenye masikio ya sungura.

Nikambeba. Nikajitazama kwenye kioo. Jamani, nilipendeza! Nikajikuta nampigapiga matakoni anyamaze, na hakuwa analia.

Njiani nimepishwa kiti mara mbili. Mzee mmoja kaniambia, "Mungu amkuze." Nikasema amina. Ningesema nini?

Nimefika getini moyo unapiga ngoma. Soja alikuwa mama wa makamo, viatu vinang'aa, sauti ya mtu wa kwaya. Mkoba wangu kaufungua, kakuta leso na chanuo. Kisha macho yakapanda mgongoni.

"Woishe! Aki huyu ametulia!"

"Amelala."

"Miezi mingapi?"

"Minne."

Akaanza kumwimbia. Nawaambia ukweli, aliimbia kabeji, taratibu, huku akitikisa kichwa. Watu walio nyuma yangu wakangoja kwa heshima. Kisha akafungua kitabu kikubwa, akaandika jina langu na namba yangu.

"Watoto wadogo tunaandika, wasije wakapotea. Anaitwa nani?"

Swali hilo sikuwa nimelisomea. Na kwetu jina si kitu cha kuokota. Msichana akizaa akiwa kwao, bila bwana, bila wazee kukutana, mtoto wa kwanza wa kike anaitwa jina la mama ya huyo msichana. Jina likatoka lenyewe mdomoni.

"Nyambura."

"Jina zuri. Na namba ya mtu wa nyumbani?"

"Si hiyo yangu?"

"Yako nimeandika. Nataka ya mtu mwingine. Ukizimia huko juu, nani anakuja kumchukua mtoto?"

Mimi kwa kichwa nina namba moja tu duniani. Ya Mama. Nikaikariri kama mtoto wa nasari aliyesimamishwa mbele ya wageni.

"Pita, Mama Nyambura."

Nikapita! Chapati zimeingia! Krismasi imeokolewa! Hapo hapo ningegeuka, nirudi zangu Kware nikampigie Mama na habari njema. Lakini lile gurudumu lilikuwa mbele yangu linazunguka polepole, na mimi nikakumbuka swali la Mama. Huko juu ataona nini? Njiru inaonekana kweli, au nilimdanganya? Nikasema nipande mara moja tu, nijue.

Kwenye gurudumu kulikuwa na msichana wa filimbi, mchangamfu. Akanisimamisha. "Mama, mtoto mchanga hapandi."

"Basi niache tu."

"Aii, usikose. Wamama mnateseka sana. Nipe nimshike, wewe panda upumzike kidogo."

"Hapana, asante."

"Nipe tu, mimi napenda watoto!"

"Huyu hapendi watu."

Lakini mkono wake ulikuwa umeshafika. Aliuweka mgongoni kwa mtoto. Akautoa mbio kama mtu aliyegusa sufuria.

"Ngai! Mtoto anachemka!"

"Ni shali tu..."

"Shali gani! Mtoto ana homa! Anaungua!"

Akapuliza filimbi. Gurudumu likasimama. Watu waliokuwa juu wakabaki juu, wanatuchungulia. (Hao labda walikuwa wanaona Njiru. Mimi sikuiona.) Kabla sijapata la kusema nilishashikwa kwapa huku na huku, nakimbizwa kwenye hema la huduma ya kwanza, nyuma yangu msafara. Yule soja alikuja na kitabu chake kifuani, analia.

Nesi alikuwa mwanamume mpole mwenye miwani. Akagusa mgongo wa mtoto kwa nyuma ya kiganja, akakunja uso. Hapo hapo ile chupa ya maji ikasema bluk.

"Na tumbo pia," nesi akasema. "Amenyonya saa ngapi mara ya mwisho?"

"Hajanyonya leo." (Sikudanganya!)

"HAJANYONYA?" Hema zima.

Huko pembeni soja alikuwa ameshapiga ile namba, ameweka sauti kubwa kila mtu asikie.

"Halo, huyo ni nyanya ya Nyambura?"

"Nyambura ni mimi." Sauti ya Mama. Nikakaa chini palepale.

"Hapana mama, Nyambura mdogo. Mjukuu wako. Mtoto wa Wairimu, huyu wa miezi minne. Tuko naye hapa, ana homa kali sana."

Nilisikia kifuniko cha sufuria kikianguka Njiru. Kisha Mama akaita Mungu wake kwa lugha ya kwetu mara tatu, kisha kukawa na kishindo, na simu ikakatika.

"Mama!" nikapiga kelele. "Si mtoto!"

"Ametaharuki," nesi akawaambia watu. "Mshikeni." Akafungua shali. Akavua kofia ya sungura.

Kabeji ikamtazama.

Nesi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kabeji bado. Akafungua taulo. Akafungua foili. Harufu ikatoka, ile harufu ya chapati za maji moto na mafuta ya kutosha, ikajaza hema. Mtoto wa watu aliyekuwa amesimama mlangoni akasema, "Mami, hata mimi nataka mtoto."

Soja ndiye aliyenimaliza. Alisimama, machozi bado mashavuni, akaitazama kabeji, akanitazama mimi. "Na mimi nilimwimbia," akasema. Basi. Afadhali angenipiga.

Nikawaeleza yote pale chini nilipokaa. Kigoda. Picha sita za mgongo. Krismasi na Jumanne. Mkubwa wao akafika, mama mwenye redio ya mkononi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Dada," akasema, "hapo nje kando ya geti kuna meza za watu kulia chakula chao. Unapigwa muhuri mkononi, unatoka, unakula, unarudi. Familia zinafanya hivyo kila siku."

"Kila siku?"

"Ungeuliza."

Nesi akaomba chapati moja, ya uchunguzi, akasema. Soja akachukua mbili na hakushukuru. Msichana wa filimbi akala yake huku akicheka mpaka akapaliwa. Mimi nampigia Mama: hapatikani. Napiga tena: hapatikani. Nikamfunga mtoto upya, maana vitu vyote nilikuwa nimebebea humo, nikaondoka na aibu yangu kuja Njiru.

Sasa elewa. Sijakanyaga kwa Mama tangu mwezi wa pili. Saluni Jumapili ndiyo siku ya kazi, na kila Mama akiniita nasema wiki ijayo. Mtu hajaonekana miezi kumi, halafu wanapigiwa simu kwamba ana mtoto wa miezi minne. Hesabu ilikubali!

Nikafungua geti la ploti, ule ua wa nyumba za Mama na majirani zake. Kumejaa. Mama Wafula, jirani wa mlango wa pili, amekuja na chupa ya uji. Wamama wawili wa kanisani wana beseni jipya na mfuko wa nguo ndogo ndogo. Njeri ameshika soksi za mtoto zenye ukubwa wa vidole viwili. Na harufu niliijua kabla sijaingia: njahi. Mama alikuwa ameinjika njahi, yale maharagwe meusi ambayo kwetu hupikiwa mama aliyejifungua ili apate maziwa.

Baba alikuwa mlangoni amevaa koti la harusi. Mara ya kwanza maishani hakusema nimuulize mama yangu. Alisema, "Mlete nimwone."

"Baba, si vile mnafikiria..."

Mama akatoka. Macho mekundu, simu yake imepasuka kioo. Nikajua leo ni leo. Lakini akaja polepole, akanishika shavu.

"Baba yake sitauliza leo," akasema. "Nitauliza kesho. Ndiyo maana hukuwa unakuja? Uliniogopa mimi? Na ukampa jina langu." Akainama kuchungulia mgongoni kwangu. "Homa imeshuka? Nipe mwanangu."

Akanyoosha mikono yote miwili.

Jamani, mimi moyo wangu ni wa karatasi. Nikafungua shali nikampa. Akampokea kama mayai. Akampakata. Akafunua kofia.

Mama Wafula akasema kwa sauti ndogo, "Mbona ni wa kijani?"

Mama akaiweka kofia kando. Akafunua taulo. Akafunua foili. Nikafumba macho, nikaeleza haraka haraka, geti, muhuri, meza, nesi, yote kwa pumzi moja. Nilipofumbua, Mama alikuwa ametoa chapati moja. Akaikunja. Akainusa. Akaigusa kwa nyuma ya kiganja, kama nesi.

"Bado ina joto," akasema.

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta kigoda akakosa, akakaa chini kwenye ngazi, miguu mbele, kabeji kwapani, analia na kucheka pamoja. Nikatoa simu. Nikampiga picha. Ameketi. Uso wote.

"Krismasi nitakuja," alisema akijifuta. "Nataka kumwona huyo soja, nimpe pole. Na huko juu nitapanda. Lakini Wairimu, jina langu usiwahi tena kulipa kabeji. Na kila Jumatatu saluni ikifungwa, nikuone hapa. Mimi leo nilikuwa nimeshajipanga kuwa nyanya kwa saa mbili, na nilitamani kukuona wewe zaidi ya mtoto."

Beseni wamama wamerudi nalo, na uso wa mtu aliyeibiwa. Uji Mama Wafula alikataa kurudi nao, akasema ninywe tu, nimetoka mbali.

Basi ndiyo hivyo. Njiru kama inaonekana kutoka juu, Krismasi tutajua. Ukitaka kucheka, cheka ukiwa kwako. Na tafadhali, mtu asiniulize mtoto anaendeleaje. Tumemla na njahi, na kichwa kinakaangwa jioni.