Namba Saba na Koti la Daktari

Jumatatu, 3 Juni

Nimeteuliwa. Mimi niliyeishia darasa la saba nimo kwenye kamati ya kupendekeza mchezo wa kuigizwa ukumbi wa mtaa. Habari za jioni, daftari langu, nimesahau hata kukusalimia.

Kazi yenyewe: michezo tisa mifupi, ya mambo ya siku hizi, imeandikwa na vijana wa mtaani. Majina yamefutwa, zimebaki namba. Tunasoma, tunajaza fomu, tunachagua mmoja. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu. Amesema mimi nipo kama mtazamaji wa kawaida. Nikashukuru, ingawa kawaida sijawahi kuwa.

Sasa siri. Mmoja kati ya tisa ni wa kitindamimba wangu. Mwaka wa pili huu anaandika kila akitoka dukani kuuza simu. Ameapa usipochaguliwa anachoma madaftari yote, haandiki tena. Nikamuuliza ni namba ngapi. Akasema mama, nakupigia magoti, safari hii usinisaidie. Aibu za mtoto hizo. Nitamsaidia kimyakimya.

Jumatano, 5 Juni

Nimemaliza yote tisa. Namba nne ndiyo yake, naweka mkono motoni. Kuna mama mpole, mwenye hekima, anafariki ukurasa wa pili. Waliobaki wanamlilia mpaka mwisho. Nani mwingine mtaa huu ana mama wa hivyo? Nimelia kazini, juu ya mashuka safi ya hospitali ninayofua, ikabidi yarudi mashineni.

Namba saba, upuuzi. Mama anamsindikiza bintiye kwenye usaili wa kazi, na chupa ya chai mkononi. Anakalia kiti cha binti, anajibu maswali yote, mwisho wanamwajiri yeye. Wapi na wapi? Mimi nilimsindikiza wangu siku ya usaili wa duka la simu, nikamshikia vyeti tu. Na kumjibia yale maswali mawili aliyokawia. Basi.

Alhamisi, 6 Juni

Masharti yanasema mchezo usizidi dakika ishirini. Saa ya nini? Hapa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali mashine kubwa inazunguka dakika ishirini kamili. Nikawasha, nikawasomea wenzangu wanaopiga pasi. Mchezo ukiisha kabla mashine haijasimama, umepita.

Namba nne ikapita. Wifi yangu, meza ya dirishani, alinyoosha mashuka kumi na mawili bila kuinua kichwa. Mwishoni akauliza kama marehemu aliacha mafao. Hana moyo yule.

Nikasoma namba saba ili waone ubaya wake. Nikamtia yule mama sauti, nikamtia kiuno, nikanyanyua na chupa. Mchezo ukaisha, mashine ikasimama, hakuna aliyesikia. Kilichotushtua ni harufu. Wifi kaunguza koti la daktari, pasi nzima imejichora mgongoni, naye anacheka machozi yanamtiririka. Nikamuuliza kinachomchekesha nini. Akajifuta kwa mkono wa koti lilelile, akasema nyani haoni kundule.

Kweli kabisa. Huyo mama wa namba saba ni nyani hasa.

Jumamosi, 8 Juni

Kikao. Mpango wangu: kuipandisha namba nne, kuizika namba saba.

Nikaisifia nne mpaka koo likakauka. Mwenyekiti akawa anaitikia kwa kichwa kila neno, akaniita msomaji makini. Nikaona njia nyeupe. Nikahamia saba. Kueleza tu hakukutosha, nikasimama niwaonyeshe huyo mama alivyo kero. Nikabeba birika la kamati, nikakalia kiti cha mwenyekiti, kila aliyeulizwa swali nikamjibia. Katibu aliteleza kutoka kitini akabaki chini ameshika mbavu. Nikawapa na habari za koti la daktari, ushahidi kwamba mchezo huo ni hatari kwa mali za hospitali.

Kura: saba imepata tano. Nne imepata mbili, yangu na ya mwenyekiti.

Nikajikaza kisabuni. Mdomo wangu mwenyewe umemzika mwanangu. Nikawa nawaza kiberiti cha nyumbani nikifiche wapi asichome madaftari.

Ndipo katibu akafungua bahasha ya majina. Namba saba: kitindamimba wangu. Namba nne: mwenyekiti mwenyewe. Kijana wa miaka sitini na minane. Akaanza kukagua dari kama fundi anayetafuta panapovuja.

Sikupoteza muda. Nilisimama palepale nikawakumbusha nani aliyewafungua macho kuhusu namba saba.

Jumatatu, 10 Juni

Mwanangu alinikumbatia hadi mgongo ukalia. Halafu akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama nimekasirika. Nikasirikie nini? Nikamwambia mimi si mtoto, yule mama nimemtambua. Ni wifi mtupu. Akasema ndiyo mama, ni shangazi. Wifi alikuwa jikoni kwetu, akapaliwa na maji.

Kamati imeniomba niigize huyo mama. Wanasema hawajaona mwingine anayemuweza. Nimekubali. Itabidi niigize kwelikweli, maana hatufanani hata kwa kucha.

Ijumaa, 14 Juni

Mazoezi yanakwenda vizuri. Nimeongeza maneno machache tu, kurasa mbili. Mwanangu anayapunguza, nami nayarudisha.

Leo amekuja mwandishi wa gazeti kumhoji. Nikakaa naye, na chupa yangu ya chai, asije akaona aibu. Yale maswali aliyokawia nimemjibia mimi. Alikawia yote. Mwandishi ameondoka na picha yangu. Mcheza kwao hutunzwa.

Wifi amecheka tena, bila sababu, na kola ya mtu imeungua.

Ukumbi una viti mia na ishirini. Nimealika zamu zote tatu za hospitali, wateja wa duka la simu na wodi ya wanaokaribia kuruhusiwa. Mwenyekiti nimemwambia aje na leso. Daktari naye alipita kuulizia koti lake. Nimemwambia nitalivaa jukwaani, atajionea mwenyewe, pamoja na watu wote: Jumamosi ya tarehe 22, saa kumi kamili jioni.