Tatu Haruhusiwi Kuogea

Jumanne, 8 Oktoba

Nisamehe, daftari. Tangu Siwema aanze kuota meno ya juu sijakushika, na kalamu nimeikuta uvunguni ina alama za meno ya chini. Mama mwenye mtoto hapumziki, hujiegesha tu. Sasa kalala. Naandika mbiombio.

Habari kubwa: mpango wangu wa kupata marafiki unaendelea. Vibaya.

Chama chetu cha watazama ndege hapa chuoni ugenini kina watu saba. Wengine wote wanaitana majina matupu. Mimi tu ndiye niliyebandikwa "san" ya heshima, inaning'inia kwenye jina langu kama kofia ya kuazima. Kosa ni umri. Nimewazidi wote, lakini ni mwanachama mpya, kwa hiyo hawajui waniamkie au wanitume maji. Wamechagua kuniamkia. Kurosaki, mwenyekiti wetu, akisema nami huinama mpaka darubini yake inagonga goti.

Hata Zofia, Mpolandi aliyejiunga nyuma yangu, wanamwita Zofi! Zofia ana nini? Miguu mirefu, na usingizi wa kutosha.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nafasi imejileta! Mabata maji wameanza kuwasili ziwani kutoka baridini, na chama kizima kitakwenda kuwaona na kulala nyumba ya wageni yenye bafu la chemchemi ya moto. Mizuho, wa mwaka wa pili, kaniambia watu wakishaoga pamoja heshima huyeyuka, wanakuwa ndugu. Nikasema moyoni: hapo hapo! Hiyo "san" nitaiacha kwenye kapu la nguo na haitanifuata.

Nimeharibu kidogo leo mtoni tulipokwenda kutazama ndege, lakini. Mizuho alinipa pole ya uchovu. Hapa ndivyo watu wanavyoagana. Nalijua hilo tangu mwaka jana, ila mdomo wangu wa Kitanga ukawahi: nimeshapoa, wala sijachoka! Na nikakaa. Mkubwa akikaa, wadogo hawaondoki. Wote wakakaa tena. Tukatazamana na bata mmoja mpaka giza likaingia. Kurosaki alitakiwa kazini dukani jioni ile. Aliinama tu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Balaa!

Ujumbe wa Kurosaki kwenye kundi la simu. Lugha yao haina "a" wala "i" mbele ya kitendo, mtu na kiti husemwa namna moja. Basi alichoandika, kwa Kiswahili changu, ni hiki: "Wenye nyumba ya wageni wamenipigia. Tatu haruhusiwi kuogea. Tufanyeje?"

Tatu. Bila san! Nikaruka kwa furaha, Siwema akanipigia makofi. Kisha nikasoma upya. Haruhusiwi! Nimependwa na kutukanwa kwa pumzi moja. Sijui nilie au nipige vigelegele.

Majibu ndiyo yakazidi kunichanganya. Mizuho: "Maskini! Akiwa mdogo huwa wanakubali." Mwingine: "Si tumfunike kwa plasta?" Zofia: "Plasta nitanunua mwenyewe, kubwa kabisa." Tazama huyo, ana hamu ya kunifunika!

Kwa nini wasinitake? Nimewakosea nini? Nimejitazama kwenye kioo. Tangu nijifungue, nyonga zangu zina maamuzi yake. "Akiwa mdogo." Haya. Tangu leo sili wali jioni.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikula wali. Nilikula viazi vitamu vya Siwema, vyote. Alinitazama kama hakimu. Akalia, nikambembeleza, nikamwimbia, akachukua kamba ya darubini akaitafuna. Nikamnyang'anya. Hapana ni hapana. Akalia tena, safari hii na mimi nikamsindikiza kidogo.

Mtu mzima pekee ninayeongea naye kila siku ni bibi wa kituo cha watoto, na habari zake ni nepi. Safari ya ziwani naitaka. Siombi makubwa. Nataka watu wa kunicheka usoni.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimechoka kunyamaza. Nimeandika kwenye kundi: "Kama Tatu haruhusiwi, Tatu atakaa mlangoni na mwanawe mgongoni, mtamkuta hapo mkitoka kuoga." Nikabonyeza kabla moyo haujabadilika.

Wote wamesoma.

Saa kumi na moja mlango ukagongwa. Kurosaki, na boksi la vitamu vya maharage, vile vya kuombea radhi. Kainama mpaka nikaona kisogo. Sentensi zake hazifiki mwisho, huziachia hewani mtu azidake mwenyewe. Akauliza, kwa sauti ya msibani, kama kumbe na mimi pia... ee... Tatu...

Nikasema ndiyo, tangu kuzaliwa.

"Tangu kuzaliwa?" Akashika ukuta.

Nikamwambia kwetu ni kawaida, mtoto wa tatu wa kike hupewa, na aliyenipa ni mama yangu mwenyewe.

Akainama tena. Je, ni... kubwa?

Swali gani hilo la kumuuliza mwanamke! Nikamjibu kwa adabu kwamba kwa sasa ndiyo, lakini nimeanza kupunguza.

Akamtazama Siwema kwa huruma nyingi. Na mtoto je? Nikasema hapana, huyu ni wa kwanza.

Akaahidi kunitafutia bafu la faragha, la familia, nisije nikaaibika. Akaondoka kinyumenyume. Sielewi. Lakini nakwenda! Vitamu nimekula viwili. Sawa, vinne.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mabata maji tumewaona. Siwema naye kawaona, akapiga yowe, wakaruka wote. Ziwa tupu. Nilingoja walau mtu mmoja anikemee. Kurosaki akasema ni heshima kuwaona wakiruka.

Nyumba ya wageni: mlangoni pa bafu kubwa kuna kibao. Jina langu, limekatwa kwa mstari mwekundu! Nikasimama hapo kama aliyesoma tangazo la kifo chake. Wakanipeleka bafu dogo la nyuma, nikafungua nikiwa na Siwema mkononi, na ndani ya maji nani? Zofia! Kifundoni mwa mguu wake kuna mbayuwayu amechorwa kwa wino, na plasta imeanza kubanduka.

Nikamuuliza na yeye kakosa nini. "Si tatuu hii, mama!" Akainua mguu.

Hapo akanieleza, na nikakaa chini na nguo zangu. Mimi darasani mchoro wa mwilini nilifundishwa kwa neno lao la zamani. Kumbe wana jingine, la kuazima nje, nalo ndilo jina langu herufi kwa herufi. Mabafu huikataa michoro kwa sababu ya majambazi wa hapa, ambao hujichora joka mgongo mzima. Tatuu hairuhusiwi. Hai-! Si ha-! Ngeli moja, na mimi nimekosa wali wiki nzima.

"Na wewe ukawaambia unayo tangu kuzaliwa!" Alicheka mpaka akanywa maji ya bafu. Kisha akatulia, akasema siku ile ya ujumbe alilia, alijua ataachwa nyumbani peke yake. Nikamwambia hata mimi. Siwema akaanza kumbandua mbayuwayu kwa kucha, na Zofi akamwachia mguu. Zofi, nimemwita. Tatu, kaniita.

Jumapili, 20 Oktoba

Ushindi!

Leo asubuhi nimeingia kula, wote wakasimama. Mizuho akanimiminia chai kwa mikono miwili, akaniita Dada Mkubwa. Dada! San imekufa, imezikwa! Kurosaki amembebea Siwema mfuko wa nepi, na kijana aliyetaka kupita mbele yangu mlangoni wamemvuta shati.

Zofi kaninong'oneza kwamba Dada Mkubwa ndivyo wanavyomwita mke wa bosi wa majambazi, kwamba hawanipendi, wananiogopa, kwa hiyo nikawaeleze ukweli leo leo. Nimemwambia anyamaze. Wivu si mzuri kwa msichana.

Mimi nimeona jambo ambalo wao hawajaliona. Januari chama kinakwenda kuoga tena. Mimi na Zofi tulitengwa kwa sababu wengine hawakuchorwa. Basi tukichorwa wote, nani atamtenga mwenzake? Bafu la nyuma litakuwa letu sote!

Nitamwandikia dada Mwanahawa atume kabla ya Krismasi: kanga moja pana ya kumbebea Siwema, dawa ya kupaka fizi, hina ya koni, piko ya kuchorea, ile nyeusi kabisa, ya kutosha mikono na miguu ya watu saba, na picha nzuri ya joka, kubwa, inayoweza kuenea mgongo wote wa Kurosaki.