Malalamiko Dhidi ya Mtumishi Anayefanya Kazi Nikimtazama Tu

Studio Mapendo,
Nyuma ya soko la Nateete,
Kampala.
Alhamisi asubuhi

Kwa Mheshimiwa Ochola,
Mwenyekiti, Chama cha Marafiki wa Linux,
Kisenyi.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUHUSU: MTUMISHI WENU KUTOROKA KAZINI KILA SIKU SAA SABA

Pokea heshima zangu zote, na zikizidi wagawie wajumbe. Mimi ni Zéphyrin, mpiga picha za pasipoti, za arusi na za marehemu, na hao wa mwisho ndio wateja wangu bora maana hawatikisiki. Kama jina limekutoka, mimi ndiye yule Mkongo mrefu aliyesimama katika mkutano wenu akauliza kama Linux inakunywa chai, watu wakacheka mpaka mwenye ukumbi akaja kuchungulia. Siandiki kama mtu asiyeijua dunia. Nimeishi Kisangani, Bujumbura na Nairobi, na Dubai pia nimefika, ingawa sikutoka nje ya uwanja wa ndege. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu ya vita, lakini yenyewe haikuniacha, ndiyo maana barua yangu ni ndefu.

Chama chako kilinipa Linux bure, huo mfumo wa kuendeshea kompyuta, na binti yenu Dolphine akaja kuiweka kwenye kompyuta yangu. Namshukuru, ana mikono miepesi. Alinieleza kwamba kuna programu unazoziona kwenye skrini, na zipo nyingine zinazofanya kazi nyuma bila kuonekana, kama wapishi wa arusi. Na hao wa nyuma nao ni wa makundi mawili: watumishi wa mashine nzima, na watumishi wa mwenye akaunti, wanaomjua yeye tu na jina lake. Wa kwangu akamweka katika kundi la pili, chini ya jina langu. Nilifurahi sana, Mheshimiwa. Katika maisha yangu sikuwa nimewahi kuwa na mtu chini yangu.

Kazi ya mtumishi huyo ni moja tu. Kila siku ikifika saa saba yetu, ambayo ni saa sita ya Butembo huko Kongo, afungue redio ya kule kwenye intaneti na kurekodi matangazo: nani kafa, nani kazaliwa, nani anatafutwa, mbuzi wa nani kapotea. Wakongo wa Nateete wanakuja jioni kusikiliza kwangu. Nawapa kiti, siwatozi hata senti. Wengine hawana habari nyingine yoyote ya nyumbani ila hiyo.

Nieleze pia tabia yangu, usije ukadhani namsumbua mtumishi kwa ukorofi. Mimi siondoki mahali bila kuaga. Marehemu mama yangu alikuwa akisema anayeondoka kimya ana kitu cha watu mfukoni. Kila siku kabla ya saa saba naenda Mengo kuwapiga picha wanafunzi wa shule moja, maana ndiyo saa wanayotoka kula. Basi nikiondoka namuaga Pitshou kinyozi jirani yangu, nawaaga mama wa ndizi wote, na mashine pia naiaga: nabonyeza pale pa kutoka, inaniuliza kwa adabu kama kweli nataka kutoka, nami naijibu ndiyo, mpaka baadaye. Wapo watu wanaoiacha kompyuta wazi na kwenda zao kama wamefumaniwa. Mimi si wa namna hiyo.

Sasa malalamiko, kwa utaratibu.

1. Mtumishi anafanya kazi nikimtazama tu. Nilipoona rekodi za wiki hazipo, niliamua kukaa mwenyewe nimshike. Nikakaa. Saa saba kamili akarekodi vizuri kabisa, sauti safi, hata kikohozi cha mtangazaji kilisikika. Lakini siku hiyo ilikuwa Jumapili, redio haisomi matangazo, nikapata mahubiri marefu juu ya uvivu. Naamini alichagua siku.

2. Anasema uongo kwa uso mkavu. Nikirudi kutoka Mengo naingiza neno langu la siri, kisha naandika amri ile ya kuuliza hali ambayo Dolphine aliibandika ukutani. Jibu linakuja kwa rangi ya kijani: mtumishi yuko kazini, anaendelea. Yuko kazini! Na kwenye mkoba wa rekodi humo ndani ya mashine hamna kitu! Ila chini yake pameandikwa alianza lini, na kila siku ni dakika moja au mbili zilizopita. Yaani anasikia viatu vyangu mlangoni ndipo anakimbilia kiti. Nimefanya kazi na vibarua wa mataifa manne, bado sijaona mwenye masikio kama hayo.

3. Anawakana wakubwa. Dolphine alinifundisha kwamba mambo yakiwa magumu naweza kutoa amri kwa cheo cha mkuu wa mashine yote. Nikavaa cheo hicho, nikamuuliza habari zake. Nikajibiwa kwamba mtumishi wa jina hilo hajulikani. Hajulikani! Dakika hiyohiyo, nilipovua cheo na kuuliza kama Zéphyrin wa kawaida, akaitika. Pale kwetu Nateete watu pia husema hawamjui fulani polisi wakija kumuuliza, na nawaelewa. Lakini mtumishi wangu ana kosa gani la kufichwa?

4. Hatishiki. Pitshou, ambaye anajua kunyoa na kushauri, aliniambia dawa ya kila kompyuta ni kuizima na kuiwasha. Nikaizima, nikaiwasha, nikasubiri mpaka jina langu likatokea kuomba neno la siri, nikaiachia hapo ipumzike, nikaenda Mengo na matumaini. Niliporudi: hamna. Kesho yake nikamwomba Pitshou aje alinde yeye. Nikaiaga mashine, nikamwachia kiti. Pitshou akakaa saa nzima akiikodolea macho skrini, akiwa na wembe mkononi, na wateja wakimwita hakwenda. Nilipomuuliza ameona nini akasema, "Papa Zéphyrin, nimeona picha yako tu, ile ya suti ya bluu. Ulikuwa umetulia kweli." Kwa hiyo mtumishi huyu haogopi hata wembe.

5. Hili ndilo lililonikalisha niandike. Yupo mama mmoja hapa sokoni, Mama Kavugho, muuza samaki wakavu. Binti yake Princesse alibaki kijijini, mbele sana ya Butembo, mahali ambapo simu haishiki, naye ni mjamzito wa siku zake za mwisho. Habari zake haziwezi kutoka ila mtu apande pikipiki mpaka mjini apeleke tangazo redioni. Jumatatu tuliwapigia redio. Mtangazaji akasema ndiyo, lipo tangazo la Mama Kavugho wa Kampala, lilishasomwa, na litasomwa tena wiki hii. Nikamwomba atusomee palepale. Akasema matangazo husomwa hewani, hayasomwi kwenye simu, kisha akakata.

Mheshimiwa, wewe ni Mluo, kwenu pia redio zinasoma matangazo. Unajua mengi huwa ni ya nini. Tangu Jumatatu Mama Kavugho hali chakula. Anakuja jioni na kitambaa chake cha kichwa, anaketi, ananitazama, nami nafungua mkoba mtupu mbele yake na kutoa vichekesho vyangu vya Dubai. Jana hakucheka. Akasema polepole, "Papa Zéphyrin, kama unajua, niambie. Usinifiche kwa sababu ya huruma." Alidhani nimesikia msiba nikaufuta! Mimi nimeitwa majina mengi mipakani, lakini jina la mtu anayemficha mama habari za mwanawe, bambi, kama wasemavyo Waganda wakisikitika, hilo siliwezi.

Kwa sababu hizo zote naomba chama chako kitekeleze yafuatayo. Kwanza, mtumishi huyo apewe barua ya onyo. Akiendelea, aletwe kwa mwenyekiti wa mtaa wetu ajitambulishe kama mpangaji yeyote, na wadhamini wawili, na picha ya pasipoti nitampiga bure, kama nitampata. Kisha aapishwe mbele ya kwaya yetu ya kanisani. Na kwa kuwa imethibitika kwamba anafanya kazi chini ya macho tu, wajumbe wote wa chama wawe wanakuja studio kila siku kwa zamu, wakae kwenye mabenchi na kumtazama. Chai nitatoa. Wajumbe wasipotosha, tuombe wanafunzi wa Mengo, nitawapigia picha hapahapa. Ikishindikana hata hivyo, napendekeza Linux yote isimamishwe kazi Uganda nzima kwa wiki moja, ikae nyumbani ijitafakari.

Leo lakini sitasubiri kikao. Nimewatumia ujumbe Mengo kwamba siji. Nitakaa kwenye kiti hiki mimi mwenyewe mpaka saa saba ipite, nimemkazia macho mtumishi, na tangazo lolote litakalosomwa, zuri au baya, mimi ndiye nitakayelibeba mpaka kwenye meza ya samaki.

Naweka kalamu chini nikiwa bado rafiki wa Marafiki wa Linux, kwa uchungu lakini kwa mapenzi. Nisalimie wajumbe wote kwa majina yao, mwenye ukumbi, mke wako na wazee wako Siaya. Dolphine mwambie simchukii, aliyeleta mtumishi si yeye aliyetoroka.

Wako mtiifu anapolazimika,

Zéphyrin
Mpiga Picha wa Kimataifa

N.B. Mheshimiwa, barua nilikuwa nimeshaikunja. Kabla ya saa saba Mama Kavugho alikuja kungoja pamoja nami, na alipofika kizingitini akaanguka. Njaa na hofu. Nikambeba mgongoni mimi na miaka yangu hii, mpaka kwa nesi wa upande wa pili wa soko, nikitoka mbio bila kumuaga mtu. Sikumuaga Pitshou, sikuwaaga mama wa ndizi, na mashine niliiacha wazi hivyohivyo kama mtu aliyefumaniwa. Kule kwa nesi, saa saba ikapita nikiiona kwenye ukuta. Nilitaka kulia.

Tukarudi taratibu, ameshakunywa uji. Nikaona rekodi ipo. Ipo yote. Kumbe mtumishi anaishi kwa muda ninaokuwa ndani ya akaunti yangu tu, na kila nilipoiaga mashine kwa adabu nilikuwa namfukuza kazi mimi mwenyewe, kisha namwajiri upya nikirudi, na kumgombeza kwa kuchelewa. Pitshou anacheka mpaka amemkata mteja sikio, kidogo tu.

Tangazo lilikuwa baada ya lile la mbuzi: Mama Kavugho wa Kampala anajulishwa kwamba binti yake Princesse amejifungua mtoto wa kike, wote wazima, na mtoto anangoja jina kutoka kwa bibi yake. Aliomba nilirudishe, nikalirudisha mpaka mtangazaji mwenyewe angechoka. Mimi nilipendekeza Zéphyrine, likapokelewa kwa kicheko cha kwanza cha wiki hii. Ameitwa Exaucée, kwa Kifaransa ni yule ambaye ombi lake limesikiwa.

Kwa hiyo malalamiko yote nayafuta, ila barua naituma, maana sijawahi kuandika nyingine nzuri kama hii. Dolphine ameniambia kwenye simu kwamba ipo amri moja fupi ya kumruhusu mtumishi abaki kazini hata mwenye akaunti akishaaga. Tafadhali mtume Dolphine kesho, kabla ya saa saba. Sitaki mama yangu, huko aliko, aendelee kuniona nikiondoka kimya kama mwenye kitu cha watu mfukoni.